Kura ya Bloku Kubwa

Jumatatu, 16 Oktoba 2017

Wiki ya historia! Hoja yangu imekubaliwa, itapigiwa kura Jumamosi pale ukumbi wa wakulima. Klabu yetu ya hapa Wenatchee, mji wa matofaa, ina sarafu yake ya mtandaoni, Tofaa, na kila mwanachama anapokea nyumbani kwake nakala ya miamala yote tangu siku ya kwanza. Miamala inafungwa kwa mafungu, tunayaita bloku. Bloku zetu ni ndogo mno, kama kiberiti. Mimi, Orrin Halvorsen, nataka ziongezwe mara mia. Tutaiteka dunia!

Verlin Stobbe anapinga. Angeacha? Jirani yangu huyu, mstaafu wa kiwanda cha kupaki matofaa, ana kompyuta chakavu aliyorithi kwa mjukuu wake. Anadai bloku zikinenepa, wenye mashine ndogo watabaki nje. Nikamwambia dunia haiwezi kuisubiri kompyuta yake. Akanijibu kwamba dunia yenyewe bado haijapiga hodi.

Mke wangu Marlys katoa sharti tukiwa mezani. Nikishinda, diski zangu za kuhifadhia nakala zitabaki chumba cha chini. Nikishindwa, zinatoka zote, na yeye anaweka humo fremu yake ya kushonea blanketi za viraka. Nimekubali upesi upesi. Nitashindwaje?

Jumanne, 17 Oktoba

Dosari ndogo. Nimekagua bloku za jana. Tupu! Mtandao mzima ulibeba miamala mitatu, na miwili ilikuwa yangu, nilikuwa najaribu kama unafanya kazi. Nani atataka bloku kubwa wakati hizi ndogo hazijai?

Nimepata dawa. Nina pochi mbili za Tofaa. Nimeandika programu fupi: pochi ya kwanza inailipa ya pili, ya pili inairudishia ya kwanza, bila kupumzika. Si udanganyifu. Ni kuichangamsha biashara.

Jumatano, 18 Oktoba

Msongamano! Machozi yamenilengalenga. Mwenyekiti wetu, Mama Twyla Nakashima, alisimama kwa mwokaji akingoja malipo ya andazi lake la mdalasini yapite, mpaka andazi likapoa na waliokuwa nyuma yake wakaanza kuguna. Mwishowe akalipa kwa dola. Mbele za watu! Kanipigia simu amefura, anauliza hivi wewe Orrin, mambo gani haya? Nikamwambia kwa sauti ya huzuni kwamba huo ndio ukuaji, mama, wateja wametuzidi.

Jioni wengi klabuni wamekubaliana bloku zipanuliwe kwa majaribio hadi Jumamosi. Kura ya Mama Twyla iko mfukoni. Verlin kaniuliza uani hao wateja wanaishi mtaa gani, maana yeye hajakutana na hata mmoja. Wivu tu.

Alhamisi, 19 Oktoba

Bloku kubwa zimeanza, na programu yangu inazijaza pomoni. Sikujua ina bidii hivi. Nilitaka kuizima. Lakini nikiizima bloku zitabaki tupu, nami nitaonekana mwongo. Iendelee.

Kumbukumbu zinavimba. Mimi kila kitu nakihifadhi nakala sita, kwa usalama. Verlin je? Anaweka salio la kila mtu na bloku za siku mbili tatu, za zamani anatupa. Anatupa! Nikamuuliza atajuaje nani alimlipa nani mwaka juzi. Akasema wa nini, wenyewe wameshasahau. Na mtu kama huyu anapewa kura!

Marlys akadakia kwamba hata mimi ningejifunza kutupa, nianze na ile skii ya kutelezea thelujini, iliyobaki moja bila mwenzake. Nikamwambia ya pili inaweza kupatikana.

Ijumaa, 20 Oktoba

Joto! Diski zinavuma mpaka madirisha ya chumba cha chini yanatoka jasho. Paka kahamia huko, hataki kutoka. Diski moja imeanza kugonga, ko ko ko. Hatari, kwa sababu kanuni ya klabu haina huruma: mwenye mashine iliyoshindwa kupokea bloku mpya hata moja hadi saa ya kura, hapigi kura. Yangu imeshabaki nyuma.

Nikakumbuka mbinu ya mafundi wa zamani. Diski ikiugua, itie kwenye friza. Nimezitia zote, pamoja na nyaya zake. Humo mlikuwa na nyama ya kulungu ambaye Marlys mwenyewe alimwinda kwa upinde mwezi uliopita. Nimeihamishia barazani, baridi ya nje inatosha kabisa.

Diski zimetulia kimya. Kimya kitamu. Wakati mwingine najishangaa kwa akili niliyonayo.

Jumamosi, 21 Oktoba

Fedheha.

Diski zilinyamaza kwa sababu zilikufa. Zimeota barafu hadi kwenye nyaya. Barazani nako mbwa wa mtaa mzima wamefanya karamu, wa Verlin akiwa mgeni rasmi. Marlys alinisindikiza ukumbini. Njia nzima alikuwa akipima kitu hewani kwa mikono. Nadhani ni fremu.

Nikaingia ukumbini sina kura. Nikajipa moyo, wenzangu wa bloku kubwa wapo. Nikawatazama, wote wakainamisha vichwa. Nao wanahifadhi kila kitu, niliwafundisha mwenyewe, na mashine zao zilijaa zikazima tangu jana. Ya Mama Twyla pia. Zilizobaki hai ni kompyuta za kina Verlin, zile za kuokota. Ndiyo: hakuna. Hapana: watano.

Hapo Verlin akafungua bloku za juzi kwenye kompyuta yake, akauliza kwa upole kabisa ni mpumbavu gani huyu anayejilipa mwenyewe kutwa kucha. Ningekaa kimya tu. Lakini mpumbavu! Nikasimama nikamwambia mtu ana haki ya kuhamisha mali yake kutoka mfuko huu kwenda huu! Vichwa vyote vikanigeukia. Mama Twyla akauliza, ina maana andazi langu lilipoa kwa sababu yako? Nikajibu kwamba andazi la mdalasini hata likipoa ni tamu. Jibu halikupokelewa vizuri.

Jumapili, 22 Oktoba

Chumba cha chini hakina kitu changu tena. Fremu imeingia, na imeenea barabara, jambo lililoniuma zaidi. Nimesimama ngazini nikakitazama. Nina huzuni, sifichi. Nilikipenda chumba kile.

Hata hivyo nimeligundua kosa. Kosa ni wanachama! Kwa hiyo asubuhi nimejitenga na klabu na kuanzisha mtandao wangu, Tofaa Halisi, bloku mara elfu. Mwanachama mmoja. Kura ya kwanza imepita bila kupingwa. Raha ilioje! Na diski mbili zimefufuka baada ya kuzikausha kwa mashine ya Marlys ya kukaushia nywele.

Nikamweleza Marlys. Akacheka, mara ya kwanza tangu nyama iliwe. Akasema naye anajiunga, na mtandao huu ukipitisha kwa kura kwamba diski zirudi chini, ataitoa fremu yake bila kinyongo. Mke kama huyu unampata wapi? Nikamsajili papo hapo. Tukapiga kura. Mimi ndiyo, yeye hapana. Sare.

Anahitajika mwanachama wa tatu, mtu wa karibu, mwenye mashine inayofanya kazi. Nimempigia Verlin. Amekubali kabla sijamaliza kueleza, na yuko njiani anakuja. Kumbe ni mtu mwema, nilikuwa namdhania vibaya tu.