Kigoda cha Baba Mkwe

Jamani, leo nimejivua nguo ukweni. (Si nguo za mwilini, tulieni.)

Nimeenda Iguhu kwa kina Ayuma, mchumba wangu, kujitambulisha. Nia ilikuwa moja tu: baba yake akubali tuoane. Nimevaa suti. Nimenyoa mpaka ndevu ambazo hazijaota.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda chake cha miguu mitatu. Akaniuliza, "Kijana, unafanyanga kazi gani?"

"Nabuni fanicha, baba. Pia ni mwandishi, na nahariri jarida."

"Hizo ni kazi za watu wangapi?"

Nikasema ni zangu zote. Akatikisa kichwa, akatoka kwenda kumwangalia ng'ombe.

Sasa, mimi nikiona kiti kizuri lazima nikione na chini. Ni ugonjwa wa kazi. Na kigoda kile kimechongwa kwenye gogo moja, hakuna msumari hata mmoja! Nikaona ukurasa mzima wa jarida. Nikakipindua miguu juu, katikati ya sebule, nikatoa simu nipige picha.

Shangazi yake Ayuma akaingia na chai. Akaona kigoda. Birika likaanguka.

"Uwiii! Ndugu yangu! Umeniachia nani?"

Nikachanganyikiwa. Nikadhani amepata habari za msiba. Majirani wakamiminika, mama mmoja akajigaragaza mlangoni. Mimi nami, mkwe mtarajiwa mwenye adabu, ningenyamaza? Nikashika kichwa, nikalia. Tena kwa sauti! Kisha nikamnong'oneza jirani mmoja, "Pole sana. Kwani tumempoteza nani?"

"Si ni mzee mwenye nyumba!"

Lakini si nimetoka kuongea naye sasa hivi? Nikazidi kulia, kwa sababu sasa sikuelewa chochote.

Mara mzee akatokea mlangoni, kamba ya ng'ombe mkononi. "Nani amekufa?"

Shangazi akaonyesha kigoda kwa kidole, halafu akanionyesha mimi.

Ayuma akaniambia akiwa ameuma meno, "Kwetu kiti cha mzee kinapinduliwanga tu akikufa!" (Mimi nimekulia Lugari kwenye viti vya plastiki. Ningejuaje?)

Mzee akakisimamisha kigoda mwenyewe, akaketi, akanitazama weee. "Nilikuuliza kazi yako. Sasa nimeiona."

Nimerudi mjini bila jibu. Ayuma ameniandikia neno moja tu: "Ngoja." Basi nangoja. Nanyi mnaotaka kucheka ngojeni vilevile, mzee mwenyewe bado hajacheka.