Makalio ya Pikapu

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimesimamishwa na polisi. Mimi! Harmon Hucks, shemasi, mzee mzima, nimewashiwa taa za buluu mbele ya duka la mbegu kama mwizi wa mifugo. Na aliyeniwashia ni Tripp Gasque, askari wa sherifu, ambaye nilimfundisha mwenyewe shule ya Jumapili. Alikuwa hajui kutofautisha Musa na Nuhu.

Eti pikapu yangu imechuchumaa. Kuna vijana hapa Carolina wanainua pua ya gari na kushusha nyuma, kisha wanaendesha huku wanatazama mawingu. Serikali imepiga marufuku mchezo huo. Nikamweleza Tripp kwamba gari langu halikuchuchumaa kwa fasheni, limechuchumaa kwa uzee. Akasema sheria haiulizi sababu, Mzee Harmon. Akapima bampa ya mbele, akapima ya nyuma, akatikisa kichwa kama daktari. Nimepewa mpaka Jumapili niinue nyuma, la sivyo gari halikanyagi barabara.

Jumapili! Jumapili yenyewe ndiyo Kurudi Nyumbani, siku ambayo kila aliyebatizwa kanisani kwetu Sweetgum anarudi kutoka Charlotte, Atlanta na kokote alikokimbilia, tunakula nguruwe pamoja uwanjani. Nguruwe huokwa kwenye ghala langu la tumbaku, ndani ya jiko la pipa lililo juu ya tela, na mimi humkokota mpaka kanisani akiwa bado anafuka moshi. Watu wote hutoka nje wakiimba. Baba alimkokota. Babu alimleta kwa nyumbu.

Jioni Mchungaji Dargan amepiga simu. Habari zimeshamfikia. Amesema gari lililo kinyume cha sheria halitavuta nguruwe wa kanisa. Kama sijainua nyuma, atavuta Garland.

Garland Causey ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu Twyla. Ana pikapu mpya yenye kiti kinachopasha mtu joto. Afadhali nguruwe atembee mwenyewe.

Twyla anasema nishushe saruji. Ndiyo, kuna mifuko kumi ya saruji nyuma ya pikapu tangu Pasaka. Niliinunua nimjengee mama yake, anayeishi nasi, ngazi ya mlango wetu wa jikoni. Ikanyeshewa. Imekuwa mawe. Garland aliniambia nifunike turubai, nami nikamwambia mvua haipo. Sasa nikiishusha mchana kweupe, atapita polepole, atapunguza mwendo, atatabasamu. Haishuki! Tatizo ni springi.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimekwenda gereji kwa Burnell. Kabla sijafungua mdomo akauliza kama nitashusha saruji. Nikamwambia nimekuja kwa fundi, kama ningetaka ushauri wa mke ningebaki nyumbani.

Basi akanitajia njia za kuinua nyuma. Springi mpya ni bora kuliko zote, lakini zinaagizwa na zitafika baada ya sikukuu. Kuna mipira ya upepo inayokaa juu ya ekseli, unaijaza kama tairi, unainua gari unavyopenda. Hiyo niliipenda sana! Burnell akasema inataka mtu anayekumbuka kukagua upepo kila wiki. Tukatazamana. Tukaendelea na nyingine.

Zimebaki tatu. Vitofali vya chuma vinavyokaa kati ya ekseli na springi. Au kuongeza jani moja la chuma kwenye springi zilizopo. Au kubadilisha vile vishikizo vinavyoning'iniza springi kwa nyuma, viwekwe virefu zaidi. Burnell akasema kwa gari lisilo na mzigo, yoyote kati ya hizo inatosha. Alikazia hayo maneno, "lisilo na mzigo". Nimejifanya sikusikia.

Mara akaingia Garland kununua wipa. Akalizunguka gari langu, akasema shemeji, mbona limekaa kama mbwa anayejisaidia? Gereji nzima ikacheka. Hata Burnell! Jibu lake? Nimelipata sasa hivi nikiwa bafuni, jibu kali ajabu, na hakuna wa kumpa.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimewazidi ujanja wote. Kwa nini ninunue vitofali vya chuma, wakati ghalani nina benchi la zamani la kanisa, mwaloni mtupu? Mti uliokaliwa na Wabaptisti maisha yao yote hauwezi kushindwa na ekseli. Nimekata vipande viwili, nimevipiga msasa, nimevichomeka, nimekaza nati. Nyuma imeinuka! Nimejipongeza kwa kipande cha pai.

Jioni tukaenda ibada ya katikati ya wiki, mimi, Twyla na mama mkwe katikati. Kwenye reli ya treni, paa! Kipande cha kulia kikachomoka, kikaruka mpaka kwenye shamba la pamba la watu. Gari likalala upande mmoja. Mama mkwe akamlalia Twyla, nami nikamlalia mama mkwe. Mama mkwe amesema maneno ambayo sikujua anayajua.

Tumefika kanisani hivyo hivyo, tumeinama. Mchungaji akaomba kwa ajili ya wote walio barabarani. Jicho moja lilikuwa wazi, linanitazama mimi.

Njia nzima ya kurudi Twyla alisema neno moja tu. Saruji. Wanawake hawaelewi mambo ya springi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Tumebakiwa na siku chache, mchezo umekwisha. Nimemwambia Burnell aweke vyote vitatu. Vitofali vya chuma, jani la springi, na vishikizo virefu.

Alinishangaa. Akasema chagua kimoja, Harmon, hii si sahani ya msibani uchukue kidogo cha kila kitu. Nikasema kimoja hakitoshi kwa mzigo nilio nao. Akasema shusha mzigo. Nikamuuliza kama Twyla amempigia simu. Akatazama pembeni. Amempigia!

Nikamweleza kisayansi kwamba uzito nyuma husaidia tairi kushika barabara. Akauliza nimesoma wapi. Nikasema mambo mengine mtu hahitaji kusoma. Ameingia chini ya gari akinong'ona, lakini kazi ameifanya.

Ijumaa, 11 Oktoba

Ushindi! Gari limesimama sawasawa kama Meza ya Bwana. Tripp amepima mbele, amepima nyuma, amepima tena kwa sababu hakuamini macho yake, kisha akanipa mkono. Akasema Mzee Harmon, umenyoosha. Nimemsamehe kuhusu Musa na Nuhu.

Mchungaji naye amekubali. Nguruwe nitamvuta mimi. Nimekwenda ghalani, nikakaa peke yangu kwenye ulimi wa ile tela, ule mkono wake wa kuvutia, nikalia kidogo. Nakiri. Baba alinikabidhi tela hii mwenyewe, na mimi sikutaka niwe Hucks wa kwanza kumwachia mtu mwingine.

Baadaye nimepita mbele ya nyumba ya Garland. Kisha nikakumbuka nimesahau kitu, nikapita tena. Kisha nikarudi kwa njia ile ile. Alikuwa kibarazani. Nilimpungia mkono kwa vidole viwili tu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku nzima ghalani. Nimekwenda na kigari cha Twyla ili pikapu ipumzike. Nimelisugua jiko mpaka linang'aa, nimemlaza nguruwe, nimempaka siki na pilipili, na jioni moto umewashwa. Binamu zangu wanalinda. Harufu yake, jamani! Kazi yangu sasa ni kulala, kuvaa tai, na kwenda kuvuta.

Nyumbani nimekuta mambo ya ajabu. Twyla amenikaangia kuku bila kuombwa. Mama mkwe ametabasamu. Kunitabasamia mimi! Twyla akasema kesho asubuhi nitaona kitu cha kunifurahisha, nisitoke nje leo. Nadhani ni tai mpya.

Jumapili, 13 Oktoba

Si tai.

Nimetoka nje na suti yangu. Pikapu ilikuwa imebinua makalio juu kama bata anayetafuta konokono dimbwini. Nyuma tupu! Na mlangoni pa jikoni kuna ngazi, imepangwa kwa mifuko yangu kumi ya saruji iliyoganda, imenyooka, imara, ina hata ukingo wa mbao. Mama mkwe alikuwa anapanda na kushuka, anapanda na kushuka, kama malkia.

Twyla akanikumbatia. Eti Garland na wanawe wameifanya jana nikiwa ghalani, iwe zawadi kwangu, nisihangaike tena. Garland mwenyewe alikuwepo, anakula donati. Akalitazama gari, akasema shemeji, sasa limekaa kama mbwa anayenusa shimo.

Nilitaka kumpa lile jibu la bafuni. Nimelisahau!

Muda hakuna. Nimeingia. Nimeteleza mpaka tumbo likagusa usukani. Burnell yuko kanisani na funguo za gereji anazo yeye. Ghalani binamu zangu wakasaidia kunyanyua ulimi wa tela mpaka ukafika kwenye ndoano ya pikapu, na ndoano ilikuwa juu kiasi kwamba jiko likatazama mbinguni kwa pua, matako yakakaribia kugusa lami. Binamu mmoja akasema hii haifai, kaka, mwache Garland avute. Nikawasha gari.

Sasa, tundu la kutolea mafuta ya nguruwe liko mbele ya jiko. Jiko likiinamia nyuma, mafuta yanakwenda nyuma. Hili sikulifikiria. Yakajaa, yakapita kwenye mlango, yakaanza kudondoka barabarani. Mbwa wa kina Altman akatoka. Wakatoka mbwa wa kina Floyd. Kufika darajani nilikuwa na mbwa wa kata nzima nyuma yangu, wanalamba lami, wanapigana, wanakimbia tena.

Kwenye tuta la daraja mlango wa jiko ukafunguka. Nguruwe akateleza. Hakuanguka, namshukuru Mungu, mabega yalikwama. Lakini kichwa kikabaki nje, kinatazama magari yanayokuja nyuma. Moshi ukawa mweusi.

Nikaona taa za buluu kwenye kioo. Tripp! Nikajua amekuja kunisindikiza kwa heshima. Nikampungia mkono. Akapiga king'ora. Nikampungia tena, machozi yananilengalenga, nikasema moyoni, hata babu hakupata king'ora.

Tukaingia uwanjani hivyo. Watu walikuwa wameshatoka nje wanaimba. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili ulikatika katikati, kisha mtoto mmoja akacheka, kisha wote, hata wageni wa Atlanta waliokuja na viatu vya bei. Mchungaji hakucheka. Alikuwa anafukuza mbwa kwa kitabu cha nyimbo.

Nguruwe ameliwa akaisha. Upande wa nyuma umeungua kidogo, lakini ule ukoko wake watu wameugombania. Mama mkwe amesema hajawahi kufurahi Kurudi Nyumbani kama mwaka huu. Baada ya pai, Mchungaji akaniweka kando, akaniambia kwa upole kwamba mwaka ujao atavuta Garland.

Imeniuma. Siwezi kusema uongo. Nimekula sukuma wiki yangu bila kuinua kichwa.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimelala, nimeamka, nimetuliza akili. Tripp amekuja tena na kipimo chake. Sasa nyuma iko juu mno. Nimepewa mpaka Jumapili niishushe. Burnell anasema atoe vitofali, kazi ya muda mfupi, basi. Twyla anasema Burnell atoe vitofali. Hata mama mkwe, amesimama juu ya ngazi yangu, anasema vitofali.

Hawaoni! Springi ziko sawa kabisa. Ijumaa gari lilinyooka, shahidi ni Tripp mwenyewe. Kilichoharibu ni kuondoa saruji.

Nimekwenda dukani, nimenunua mifuko kumi mipya. Nimeipakia. Gari limeshuka taratibu, limenyooka kama Ijumaa! Mwaka ni mrefu, na Mchungaji akiliona likikaa hivi kila Jumapili, atabadilisha mawazo. Twyla alipoiona alipiga makofi, akauliza kama ni ya kibaraza. Nimemwambia asiiguse, ni ya gari. Ameingia ndani.

Garland amepita. Amepunguza mwendo, ameshusha kioo, akasema shemeji, funika turubai, mvua inakuja. Nimecheka mpaka nikashika bampa. Bado anadhani mimi ni mtu wa kunyeshewa kwa bahati mbaya!

Safari hii hakuna atakayenifanyia zawadi. Nimeichana mifuko yote, nimeimwaga, nimeisawazisha kwa reki, ishikamane na bodi iwe kitu kimoja. Anayetaka kuishusha aje na baruti.

Upepo umebadilika. Twyla ananiita niingie ndani. Naona tone la kwanza limeanguka kwenye kioo cha mbele. Wacha inyeshe!