Nani Alimpa Sungura Wangu Meno?

Jumatatu, 3 Februari 2025

Shule sikukanyaga. Herufi nilizifukuza mwenyewe ndani ya kitabu cha nyimbo kanisani. Naandika Kiswahili kusudi mke mwenzangu Eucabeth akinichungulia ahangaike. Yeye husoma Dholuo tu.

Mwalimu Mellen wa chekechea hapa Magunga anataka kitabu cha hadithi. Mimi nachora sungura kwa mkaa. Eucabeth anachora kuku. Kuku gani! Chungu kilichoota miguu. Mjukuu wangu Caren anaipiga picha michoro yetu, anaiingiza kwenye tableti, anaipaka rangi humo humo. Bila brashi! Sikuuliza.

Nina mpango. Jana Akeyo, binti mdogo wa Caren, alinitazama mdomo mbele ya wageni, akauliza nani alinipiga. Akajificha. Kunipiga! Meno sita ya chini niling'olewa nikiwa msichana, kama Wajaluo wote wa wakati ule, na sikutoa chozi. Jana nusura nilitoe. Basi sungura nimemchora na pengo lile lile. Akeyo atampenda yeye, kisha atanizoea mimi. Nani kasema sina akili?

Jumanne, 4 Februari

Ole wangu! Sungura ameota meno. Meupe, yamejipanga kama mahindi mabichi. Nikamuuliza Caren nani ameyapanda. Akasema, Dani, yaani bibi, nilidhani umesahau, nikaedit kidogo. Nimesahau! Mtu husahau mdomo wake?

Sikumweleza. Nikieleza, atamgombeza mtoto. Afadhali nimeze jiwe.

Alipotoka nikachukua karatasi yangu, nikakoleza pengo kwa mkaa. Nikatazama tableti. Meno yapo. Nikakoleza tena mpaka karatasi ikatoboka. Meno yapo, yananicheka! Jioni Caren akasema yule wa ndani ni picha, hana habari na karatasi. Kumbe sungura wangu alihama bila kuaga?

Jumatano, 5 Februari

Caren kaenda sokoni. Nikapaka mkaa kwenye kioo chenyewe, juu ya meno. Yakatoweka! Nikapiga kigelegele. Kidole kikateleza, sungura akakimbia na meno yake, mkaa ukabaki kwenye jicho la kuku. Nikafuta kwa kitambaa chenye maji. Kuku akawa mkubwa kama ng'ombe. Akawa mdogo kama kunguni. Akapotea.

Caren aliporudi alicheka mpaka akakaa chini. Akamrudisha kuku, sijui kutoka wapi. Akaeleza kwamba humo ndani michoro imelala kama mablanketi. Chini mistari yangu, juu yake rangi, juu kabisa meno peke yake. Ukivuta blanketi la meno, linatoka. Kwa nini hakusema mapema?

Alhamisi, 6 Februari

Eucabeth amekuja na meno yake ya kununua kutoka Homa Bay. Anacheka hata kisichochekesha. Ananiita Mikayi, mke wa kwanza, kwa heshima iliyotiwa pilipili. Akauliza, Mikayi, sungura kibogoyo atakula karanga kwa meno gani? Nikamjibu kwamba wangu akilala, mdomo wake haubaki kwenye bilauri. Nikampa nyoyo, mahindi na maharagwe. Maharagwe nikayachemsha zaidi, maana yale meno bado mageni.

Jioni Caren akaingia kuoga. Nikavuta blanketi la meno. Likatoka! Nikaliachia. Likatua kwa kuku wa Eucabeth. Nikalisukuma, likang'ang'ania. Mara mlango! Nikarudisha tableti mahali pake. Caren akamtumia kitabu Zubair, mwenye duka la kuchapisha Homa Bay. Hakutazama.

Jumatatu, 10 Februari

Kitabu kimesomwa chekechea. Sungura safi, pengo lake kama mlango wa kanisa. Ukurasa wa pili: kuku, meno yote nje! Watoto wakagaagaa chini. Watu wazima wakageuka kumtazama Eucabeth. Akasimama. Nikajua nimekwisha. Akasema siku zote alijua kuku wake ana uzuri fulani, akaomba nakala nne.

Akeyo alikuwa hacheki, mkono mdomoni. Jino lake la chini liling'oka Jumamosi, kumbe anaona haya. Akapanda mapajani mwangu. Akagusa pengo la sungura, akagusa langu, akagusa lake. Akasema, Dani, sisi ni watatu.

Lile si chozi. Ni vumbi la chaki.

Caren akaniuliza taratibu nani alihamisha meno. Nikamwambia ni barabara ya Homa Bay. Yalitikisika njiani.

Nimefikiri sana. Kosa langu lilikuwa moja tu: mkaa laini. Kesho Caren akienda sokoni nitapaka ule wa mti mgumu, nimng'oe kuku meno ya chini, sita tu, naye awe wa nyumbani. Tuwe wanne.

Kitambaa nimeshakilowesha.