Jicho la Pili la Daruma

Hili sijamwambia mtu: hotuba za baba huziandika mimi. Shuleni nasoma kwa lugha mbili, na kwa zote mbili naona haya hata kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Lakini baba, Mkurugenzi Hoshina, hunguruma kwa maneno yangu. Kesho anazindua kituo cha utafiti ambacho mama, mtafiti wa haidrojeni, anakisubiri huku akifanyia majaribio yake kwenye stoo ya shule. Nimemwandikia hivi, na kwenye mabano nimetia ninavyowawazia wasikilizaji:

Mheshimiwa Gavana, Waheshimiwa Wenyeviti, Makamu Wenyeviti, Wawakilishi wa Makamu, wazee wa mji wetu wa Kofu, na wewe mke wangu, Dokta Mizue, uliyeketi mstari wa mbele! (Makofi. Dokta hapigi.)

Idara yangu, kwa mujibu wa mkakati jumuishi wa utekelezaji wa mikakati, imebaini kwamba madini ya platini yaliyomo kwenye seli za haidrojeni zinazoendesha mabasi yetu, kila basi linapowashwa na kuzimwa, huyeyuka kidogo kidogo, na chembe zao, zinazotakiwa kukaa mbalimbali, hukimbiliana zikagandana kama maofisa waliosikia chai imeletwa. (Kicheko.) Ndiyo maana, chini ya uongozi wangu shupavu, uimara umepanda kwa asilimia mia moja na nne! (“Uimara wa nini?” anauliza bibi mmoja. “Wa kiti chake!” anajibiwa.)

Desturi yetu ni kumpaka mwanasesere daruma jicho moja unapoweka nadhiri, la pili lingoje kazi iishe. Mimi, kwa ufanisi, nilimpaka yote mawili siku ileile, mbele ya kamera. (Bibi: “Maskini, amepewa macho na hana cha kutazama!”)

Platini idumu! Haidrojeni oyee! Namalizia kwa kumshukuru mke wangu kwa kutoniuliza jengo liko wapi. Utepe nitakaoukata umefungwa kati ya mipichi miwili, na nyuma yake, ndugu wananchi, kuna mipichi mingine.

Hotuba inaishia hapo. Mipichi hiyo niliiona mwenyewe Jumapili, nikiwa kwenye baiskeli. Mama bado hajapita huko.

Ndara zinaburuzwa koridoni, nje ya chumba changu.

“Mwanangu, imeiva? Umetia maneno mazito?”

“Yamo, baba.”

“Mama yako yupo nami hapa. Anataka kuisikia kwanza.”

Siku zote rasimu za namna hii huzisukuma chini ya kitabu cha hesabu, nikampa baba nyingine iliyo safi. Leo nimekisogeza kitabu pembeni, nikaiacha hii wazi mezani.