Ufunguo wa Maabara na Pumzi Niliyoibana

Jumatatu, 3 Machi

Pampu ya maji imekufa, na wanataka kunizika nayo.

Mkuu wa shule katuita ofisini, mimi na Twiga wa bustani. Jina la Twiga nimempa mimi. Ukiiona shingo yake utasema nimempunguzia. Mkuu kasema maji hayapandi tena ghorofa ya tatu, kwa hiyo mtunza maabara atayapandisha kwa mikono. Kisha kaniangalia magoti. Kauliza kwa sauti ya kubembeleza, kama anaongea na mgonjwa, iwapo mzee wake nitaweza. Sijafungua mdomo, Twiga kadakia kwamba yeye ataweza hata akiwa usingizini. Kiherehere mkubwa! Miaka hamsini na mbili tu, mtoto wa juzi!

Uamuzi ndio huu. Ijumaa saa nne asubuhi, kila mtu ndoo mbili, ngazi sitini na sita. Atakayetangulia kufika na maji yake anachukua ufunguo wa maabara. Mwingine anakwenda kwenye maua.

Miaka kumi na tisa ufunguo ule umening'inia kiunoni mwangu. Kule juu nina kiti changu, sinki langu, dirisha langu. Watu wenye digrii zao wananigongea mlango na kuniomba. Kwenye maua atanigongea nani? Konokono?

Nimezijaribu ngazi kwa siri, mikono mitupu. Ya ishirini na nane nikakaa kitako. Mpishi akapita, akauliza kama nimeangusha kitu. Nikasema ndiyo. Akainama kunisaidia! Robo saa nzima tunatafuta, na mimi mwenyewe sijui tunatafuta nini.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Nimepata!

Nilikuwa naosha vyombo vya kioo nyuma ya darasa. Mwalimu wa baiolojia anafundisha. Huyu ni binti mwenye miwani, ananiita babu na kunikaripia kwa pumzi hiyo hiyo. Kasema mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana, na ndani ya kila seli mna majiko yanaitwa mitokondria. Majiko hayo yanachukua sukari ya chakula na oksijeni ya hewa, yanapika taratibu, na humo ndimo nguvu nyingi zinamotoka. Sawa. Hayo nilikuwa nayahisihisi.

Halafu akatoa siri. Mtu akikazana sana, hewa ikachelewa kufika, misuli haikai kusubiri. Inavunja sukari bila oksijeni, upesi upesi, na nguvu zinapatikana pale pale.

Pale pale! Bila hewa! Miaka sitini na minane nimekuwa navuta pumzi kama mjinga, napoteza wakati!

Mwalimu akaendelea kwa kusema "lakini". Nikabeba beseni langu nikatoka. Mwalimu akishasema lakini, ujue la maana limekwisha.

Mpango: Ijumaa nabana pumzi kuanzia ngazi ya kwanza. Twiga na bomba lile la shingo, mpaka hewa ifike kifuani mimi nimeshakaa juu najipepea.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi nyumbani. Nimebana pumzi mezani. Mke wangu kaniuliza nimeweka wapi kiberiti, nikamjibu kwa kidole. Akadhani nimenuna, naye akanuna. Kisha akaona mishipa ya shingo imenitoka, akanirukia na kunitwanga mgongoni kwa kiganja, eti nimepaliwa. Nimemweleza sayansi yote, mwanzo mpaka mwisho wa ninachojua. Akasema kama nimechoka kuishi nife mara moja, si kwa awamu, yeye ana nguo za kufua.

Huwezi kusoma katika nyumba kama hii.

Shuleni nimepanda ngazi kumi na moja bila kuvuta hata hewa ya dawa. Mapaja yaliwaka kama yamepakwa pilipili. Vizuri sana. Ni nguvu zinaingia.

Alhamisi, 6 Machi

Binti kaongeza utamu. Leo somo ni hamira. Kumbe hamira ni viumbe hai! Ukivinyima hewa havijali, vinakula sukari tu na kutoa gesi, na hiyo ndiyo inayoumua unga. Nikajisemea, hawa ndio mabingwa wenyewe. Kwa nini nipande peke yangu wakati naweza kupanda na jeshi?

Nimeomba hamira kwa mpishi. Maji ya uvuguvugu, sukari vijiko sita, hamira vijiko vitatu, ndani ya chupa ya plastiki. Nimekaza kifuniko kwa meno ili hewa isiingie kuwaharibu askari wangu. Nimeificha kabatini nyuma ya mifupa ya kufundishia, mahali penye joto.

Twiga akachungulia kwenye dirisha la varanda, shingo kwanza, mwenyewe baadaye. Akauliza babu anaficha nini. Nikasema dawa ya panya. Akasema basi nisionje, maana sharubu anaziona. Waliokuwa varandani wote wakacheka, hata mpishi niliyekuwa namheshimu.

Kesho.

Ijumaa, 7 Machi

Bado nahema. Naandika hivyo hivyo.

Saa nne kasoro nikatoa chupa. Imevimba kama chura aliyetukanwa. Nikaifungua mbele ya kadamnasi. PWAA! Povu kwenye miwani ya Mkuu, povu kwenye saa yake, povu kwenye orodha ya mahudhurio. Akanusa. Akauliza, taratibu sana, kama hiyo ni pombe. Nikaapa kwamba ni hamira. Akamgeukia mwalimu wa baiolojia. Binti akajishika mdomo, akasema kwa kweli mimi na Mkuu sote tuko sawa, maana hamira ikikosa hewa hugeuza sukari kuwa gesi na kilevi. Ahsante sana, mjukuu! Nikanywa iliyobaki yote, ili ushahidi uishe.

Hapo ndipo nilipokosea.

Mkuu akapuliza filimbi. Nikabana. Ngazi ya kumi, naongoza! Twiga yuko nyuma, anahema polepole, puu, puu, kama mtu anayepuliza uji. Ngazi ya ishirini, nikaona Twiga wawili, wote wamenipita. Mapaja yanawaka, macho yana vimulimuli. Ngazi ya ishirini na tano miguu ikagoma. Nikafungua mdomo kuomba hewa, badala yake ikatoka gesi ya jeshi langu. Mbeuo mmoja, walisikia mpaka ofisini. Ndoo zangu zikateremka zenyewe na kufika chini salama, bila maji.

Twiga kafika juu, ndoo zimejaa, anapiga mluzi.

Binti akachuchumaa, akanipepea kwa daftari, akauliza nani amenidanganya. Nikamwambia wewe! Ndipo akanipa ile "lakini" yake. Chembe moja ya sukari bila oksijeni inatoa mafungu mawili tu ya nguvu. Ikipata oksijeni, thelathini hivi. Tena bila oksijeni misuli inajaa asidi, inawaka, na mtu atahema baadaye mpaka mwili utengemae. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alisema, babu, wanafunzi arobaini wameandika. Aliyeondoka ni mwenye beseni.

Mkuu akanyoosha mkono. Nikaufungua ufunguo kiunoni. Suruali ikawa nyepesi ghafla, nikaishika kana kwamba itaanguka. Twiga akaupokea kwa mikono miwili, akasema shikamoo mzee wangu. Adabu wakati kama huo! Bora angenitukana.

Jumatatu, 10 Machi

Maua. Hakuna anayeniomba chochote.

Ila kitalu cha maua kiko chini ya dirisha la darasa la ghorofa ya chini, na leo binti alikuwa humo anafundisha. Majani ya mimea! Hayapiki, hayatafuni, hayaombi. Jua linayapiga, nayo yanajitengenezea sukari yenyewe! Nilisimama pale karibu kipindi kizima.

Nimepiga hesabu. Twiga hufunga maabara saa saba kwenda kula, lisaa lizima, na walimu wamekwisha kuanza kulalamika. Mtunza asiyehitaji chakula cha mchana, Mkuu atamkataaje? Ufunguo utarudi wenyewe.

Nimevua shati nikakaa juani tangu saa tatu mpaka saa saba, viganja juu. Mabega yamebadilika rangi tayari. Si kijani bado.

Nimemwambia mke wangu kuanzia kesho asinifungie chakula. Akauliza nina nini tena. Nimemwambia atulie, aone nitakavyochipua.