Sahani ya Nne

Jumanne, 10 Juni

Msiba. Shangazi amempigia Baba simu: Jumamosi anakuja kula nasi, na akikuta bado tunaishi kwa mkate na mayai, ananihamishia kwake. Ni muuguzi mkuu. Akisema kitanda kihame, kinahama. Kwake nitalala chumba kimoja na binamu yangu, niliyempa jina la Mfano kwa kuwa hakosekani katika maneno ya Shangazi: kwa mfano, mwenzako hutandika kabla hajapiga mswaki. Afadhali nilale stoo.

Mpango: tambi za kando ya Mediterania, bila nyama, maana Shangazi haigusi. Gazeti linasema dakika ishirini. Nimemtumia ujumbe kwamba mimi huzipika kila wiki. (Sijawahi.) Shule imenifunza lugha mbili na naona haya katika zote mbili, lakini kwenye maandishi mimi ni simba.

Jaribio la kwanza: tambi zimeshikana kama kamba ya kufungia ng'ombe. Baba amekula, kimya. Naye ni mwenye haya. Ndiyo maana sisi wawili huzungumza kwa vikaratasi kwenye mlango wa friji.

Jumatano, 11 Juni

Kikaratasi kilikuwa kinaningoja nilipotoka shule. MAJI YACHEMKE KWANZA. KISHA CHUMVI. KOROGA. Herufi kubwa, kama za kwenye ramani. Baba ni mpima ardhi, huandika hivyo, nami nimemwiga tangu nikiwa mdogo. Kumbe mzee anajua mapishi na ananificha!

Nimefuata. Tambi zimeachana. Nimeandika chini: Ahsante.

Alhamisi, 12 Juni

KITUNGUU SAUMU KISIUNGUE. KIKINUKIA TU, NYANYA.

Nikatia nyanya, bilinganya, zeituni, majani ya mrehani. Mlango ukagongwa, nikaenda, hapakuwa na mtu. Niliporudi, moto ulikuwa umepunguzwa. Vizuri sana, maana mchuzi ulikuwa karibu kushika chini.

Baba alilamba kijiko, akaninong'oneza kwamba anafurahi ninavyobandika maelekezo pale, hata yeye anajifunza. Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka. Nikamuuliza kama si yeye anayeyaandika.

Akaigeukia friji. "Mimi nilidhani ni mkono wako," akasema.

Tulimaliza kula tukiwa tumeegemeza migongo ukutani.

Ijumaa, 13 Juni

Baba anataka tumwambie Shangazi ukweli wote. Nimemsihi angoje siku moja tu. Nimempa hoja: huyo awaye yote anapika kutushinda, na mwenye shida hachagui fundi. Nimeficha chaja ya simu yake, endapo hoja haikumwingia.

Kikaratasi cha leo: LIMAU MWISHO. TENGA SAHANI YA NNE.

Pamoja na Shangazi, sisi ni watatu. Nimehesabu mara mbili.

Jumamosi, 14 Juni

Shangazi aliingia saa kumi na moja, jua bado kali. Akapitisha kidole juu ya kabati, akakitazama. Hakusema kitu, kwake hiyo ni sifa. Nilipika kwa dakika kumi na tisa. Nikapakua sahani nne. Akauliza ya nne ni ya nani. Nikamjibu, nikiangalia sakafu, kwamba hata hospitali huweka kitanda cha akiba. Alipenda sana jibu hilo.

Akala. Akafuta mchuzi kwa mkate. Akasema hata Mfano hajafika hapa! Nilitaka maneno hayo yaandikwe na yapigwe mhuri.

Nikainama kumwokotea Baba uma. Nilipoinuka, sahani ya nne ilikuwa nyeupe, tupu. Kokwa saba za zeituni zimepangwa ukingoni, mstari mmoja. Bado zilikuwa na unyevu.

Hakuna aliyesema neno. Kwangu na kwa Baba ni kawaida. Kwa Shangazi si kawaida hata kidogo. Alinawa mikono mara mbili, akachukua mkoba, akamwambia Baba akiwa ameshafika mlangoni: "Mtoto abaki hukuhuku, kaka. Kwangu asije, hata likizo."

Nimeshinda! Baba alikuwa anatetemeka. Furaha ina namna nyingi.

Jumapili, 15 Juni

Asubuhi, kwenye friji: SASA HUONDOKI. Niligusa, wino ukanichafua kidole.

Baba amepakia nguo zetu kwenye sanduku moja. Anasema twende kwa Shangazi tukampigie magoti, tulale hata barazani. Nimegoma. Huo ni utovu wa shukrani. Mtu kakufundisha kupika wiki nzima, unamkimbia kama mbwa mwenye kichaa. Tena nikifikiria Mfano anavyopiga mswaki!

Baba ananisubiri nje, ameshika sanduku. Nimechukua kalamu, nikaandika chini ya kikaratasi, kwa adabu: Sawa. Ila Jumatano nina mtihani wa kemia. Je, unaijua?

Nimetoka jikoni kumpa nafasi. Mlango haujafungika vizuri nyuma yangu, nasikia kalamu inakwaruza.