Kitambaa Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi

Daftari jipya. Nimelichukua kwenye mkoba wa mke wa mwanangu. Ofisini kwao wanayo tele, hatalikumbuka.

Sikusoma mie. Shule niliiona kwa nje tu, mlango wake ulikuwa wa buluu. Herufi alinifundisha marehemu mume wangu, mvi zishatoka, kwa kipande cha mkaa kwenye ukuta wa jiko letu la uani. Zipo mpaka leo. Kwenye R nilimchosha, tukaacha, tukala, tukaendelea kesho yake.

Sasa sikia balaa. Jirani yangu mshonaji, huyo Bi Cherehani, kasimama bombani mbele ya watu na ndoo zao, kasema jiko langu limekaa kwenye kiwanja chake. Jiko langu! Nikamwambia kiwanja chake kiko mdomoni, ndiyo maana ni kikubwa hivyo. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Kasema eti tutaonana kwenye ramani, shoga.

Kumbe kweli. Ofisi ya ardhi inapima mtaa mzima ili watu wapewe hati. Jiko litakaloonekana ng'ambo ya mstari linavunjwa. Na ukuta wake. Na herufi zangu.

Lakini mchora ramani wa ofisi hiyo ni nani? Mke wa mwanangu! Nimekula sahani mbili.

Jumanne, 4 Machi

Nimempelekea mkwe wangu chakula ofisini. Hakuniomba. Nilitaka kuona hiyo kompyuta.

Chumba kidogo, feni inazunguka kwa kusuasua, makaratasi mpaka dirishani. Kanionyesha picha ya mtaa wetu iliyopigwa kutoka juu, ya zamani, yote kijivu. Mabati kama mabaki ya sabuni. Nikauliza sisi tuko wapi. Akakuza, akakuza, nyumba yetu ikawa ukungu mtupu. Kasema ndiyo maana inakuja droni kupiga picha mpya, safi.

Kisha kanieleza kwamba ramani ni matabaka, mama, kama mashuka juu ya kitanda. Chini picha, juu yake barabara, juu yake mipaka. Pembeni kuna visanduku. Ukiweka tiki, mipaka inatokea, myekundu. Ukiondoa tiki, imepotea!

Nikamwomba amwondolee tiki Bi Cherehani.

Kasema haiwezekani. Nikasema basi ausogeze mstari kidogo kwa hicho kidude cha mkononi, hatua nne tu, nani atajua? Akageuka mzima na kiti. Kasema mama, nitafukuzwa kazi. Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Mtoto mzuri. Mwoga tu.

Alhamisi, 6 Machi

Wapimaji wamekuja na fimbo ndefu yenye kofia juu. Wametandika vitambaa vyeupe vyenye msalaba mweusi, saba kwa mtaa mzima, kila kimoja na namba yake. Namba nne kiko kwenye uchochoro, mbele ya jiko langu! Wamekizungushia mawe pembeni kisipeperuke, wakaondoka.

Nikakitazama, nikapiga hesabu. Kitambaa kizuri kile hakitandikwi vumbini bure. Hicho ndicho kichwa cha mpaka.

Mkwe wangu aliporudi kazini nikamuuliza kwa mbali, kama mtu asiyejali. Kasema ramani haijui picha iwekwe wapi. Vitambaa vishapimwa mahali pake, kompyuta inaviona pichani, inaishikiza picha hapo. Kisha akanikazia macho. Ukikigusa, mama, mtaa mzima utahama.

Mtaa mzima utahama! Alidhani ananitisha.

Tatizo ni Bi Cherehani. Kashinda barazani anashona mashati, anasukuma pedeli huku ananichungulia. Nikatoka mara ya kwanza kama nafagia. Mara ya pili kama natafuta kuku. Sina kuku. Mara ya tatu kaniuliza kama tumbo linaniendesha.

Ijumaa, 7 Machi

Imefanyika!

Droni imekuja asubuhi, inalia kama nyuki aliyefungiwa kopo. Inakwenda mpaka mwisho wa mtaa, inageuka, inarudi, inakwenda tena, kama mtu anayepiga deki. Bi Cherehani kuiona tu, mbio ndani. Nilidhani kaogopa. Kumbe anabadili nguo! Anataka apendeze pichani. Nikasikia sanduku linaburutwa.

Ndiyo nafasi yangu. Nilisubiri droni igeuke, ielekee kule. Nikainama, nikakamata kitambaa, nikakivuta hatua nane upande wake, nikarudisha mawe. Nilikusudia nne, ila mkono ulinogewa. Kulikuwa na kigingi kidogo ardhini pale kilipokuwa kitambaa. Nikakiacha, sikutaka uchafu.

Bi Cherehani katoka na gauni la zambarau na mapambo ya shingoni, akasimama katikati ya uwanja, kidevu juu. Droni ilishakwisha kazi, imekwenda zake. Nilicheka mpaka nikashika mlango.

Jumanne, 11 Machi

Mkwe wangu karudi kachelewa, macho mekundu. Hakula. Kasema picha haikai. Kaifungua mara kumi, kila mara mipaka na nyumba vinapishana. Mkuu wake, yule wanayemwita Bwana Miwani, kasema kesho watu wote wanakuja kuangalia, na ole wake.

Nikampa chai. Nikamwambia mitambo ina vichwa vigumu, itakaa yenyewe. Sikumwangalia usoni nilipokuwa nasema.

Jumatano, 12 Machi

Siku ndefu. Naandika polepole.

Ukumbi ulijaa. Picha ilitupwa ukutani, kubwa kama nyumba. Rangi zote! Niliona beseni langu. Niliona kamba ya nguo ya Bi Cherehani, na vitu juu yake ambavyo mtu mwenye haya angevianika ndani.

Kisha mkwe wangu akaweka tiki. Mipaka ikatokea, myekundu.

Jiko langu limekaa katikati ya kiwanja changu, limestarehe kama bibi harusi! Na mstari umepita wapi? Katikati ya chumba cha Bi Cherehani! Kitanda chake kiko kwangu! Nikapiga kigelegele, peke yangu, ukumbi mzima.

Ndipo nikaiona nyumba yangu. Iko barabarani. Nusu nzima, chumba changu cha kulala kimo, iko juu ya tabaka la barabara. Kumbe nilipokivuta kitambaa kwenda kwake, kompyuta ikakirudisha pale kwenye kigingi, ikauburuta mtaa pamoja nacho. Nilikuwa namsukuma yule mwanamke, kumbe ninamvuta!

Watu wakaanza kupiga kelele. Bi Cherehani hakupiga kelele. Alikaa tu, mikono mapajani, akasema taratibu kwamba kile chumba alijifungulia watoto wake wote. Sikupenda alivyosema. Ningependa angenitukana.

Bwana Miwani kavua miwani. Kauliza nani kaharibu kazi. Mbele ya watu wote kamwambia mkwe wangu kwamba kama hawezi hata kuiweka picha mahali pake, afungashe vitu vyake, kuna watu wanaoweza. Kamwambia aifungue picha yenyewe ya namba nne, waione.

Akaifungua. Akakuza. Kitambaa kikaja, na mawe. Na juu ya kitambaa kitu cha mviringo, cha njano.

Nikajipapasa kichwa. Kilemba changu. Nimetoka nacho hata leo.

Chini ya njano, miguu miwili. Kumbe hiyo droni inapiga picha wakati wote, hata inapokwenda kule! Hakuna aliyeielewa ile njano, kwa muda ule mfupi. Ila mkwe wangu aliielewa. Niliona mabega yake yakishuka. Kidole kikacheza, picha ikawa ndogo tena, nyumba na miti tu. Akamwambia mkuu wake, kosa ni langu, bwana. Nitafungasha.

Kwa ajili yangu! Mimi niliyemwibia daftari!

Nikasimama. Nikasema huyu binti hafungashi hata kalamu. Nikamwambia aikuze hiyo picha. Kasema mama, kaa. Nikasema kuza! Akakuza. Nikasema mnaona hiyo njano? Ni hii hapa. Nikakivua kilemba, nikakishika juu waone, na nywele zangu zilivyo. Nikasema kitambaa nilikihamisha mimi, hatua nane, kwa ajili ya ukuta wa jiko ulioandikwa na mume wangu. Anayetaka kumfukuza mtu anifukuze mimi. Sijaajiriwa popote, lakini ajaribu.

Ikatoka sauti kama cherehani inayokwama. Bi Cherehani anacheka! Kacheka mpaka kateleza kitini. Kasema kwa juu naonekana kama andazi lenye miguu. Ukumbi ukalipuka. Hata Bwana Miwani alilazimika kuyafuta machozi.

Mkwe wangu kabaki na kazi yake. Njiani nyumbani alinishika mkono, kwa nguvu, kama unavyomshika mtoto kando ya barabara.

Alhamisi, 13 Machi

Mpimaji kaja na fimbo yake, kakirudisha kitambaa juu ya kigingi. Akapima na jiko, maana niliziba njia mpaka apime. Jiko liko ndani ya mpaka wangu. Hatua mbili nzima! Lilikuwa ndani tangu zamani. Nisingegusa kitu ningeshinda tangu Jumatano.

Bi Cherehani alikuwepo. Akaingia jikoni, akazitazama zile herufi moja moja, na kidole chake hakikuugusa ukuta. Kasema R imepinda. Nikasema najua.

Droni inarudi Jumatatu kupiga upya. Mkwe wangu kaniapisha, mkono juu ya sufuria ya wali: sitakigusa kitambaa namba nne, si kwa mkono, si kwa mguu, si kwa ufagio. Nimeapa.

Jumapili, 16 Machi

Bi Cherehani kaja kunywa chai. Chai yangu, sukari yangu, vijiko vinne.

Kasema je, niliiona picha ile ukumbini, kule nyuma ya nyumba zetu? Niliona. Mwenye mashine ya kusaga, yule Bwana Pumba, ua wake umetuingilia sote wawili. Hatua nzima! Mpimaji tulipomwuliza alisema tusubiri picha mpya. Kila siku wanyonge ndio wa kusubiri.

Tukanywa.

Akafungua mfuko wake. Kitambaa cheupe, msalaba mweusi, pindo limeshonwa mara mbili. Kizuri kuliko vya ofisi. Hata namba kaitarizi.

Mkwe wangu namheshimu, na kiapo ni kiapo. Namba nne sitakigusa. Hiki ni namba nane.

Na nisije nikaambiwa sijifunzi. Nimejifunza. Kesho navaa kilemba cha kahawia.